Konsultanti wa Birere: kazi ni ya siku kumi na mbili, batoto wanakula kila siku

Hapa Birere kuko wazazi wengi walioishi na mine bila kushika sururu. Walikuwa wakifunga etiketi kwenye magunia ya koltani, wakisoma mizani, wakiandika vitabu vya kooperative. Leo wanajiita konsultanti. Si juu ya kupenda jina kubwa. Ni kontra iliisha.

Sababu wote tunazijua. Rubaya ilishikwa na M23 mwezi wa 4, 2024. Goma nayo mwisho wa mwezi wa 1, 2025. Mabenki yakafunga, uwanja wa ndege ukafunga. Mwezi wa 2 wizara ya Mines ikaweka site za Masisi katika rangi nyekundu, ni kusema madini yake hayana ruhusa ya kuuzwa. Site ikiwa nyekundu, hakuna etiketi, na mwenye kufunga etiketi hana kazi. Mwaka ule ule Marekani ikafunga USAID, na mashirika mengi yaliyokuwa yakiita watu wa ankete yakapunguza kazi.

Mtu anabaki na simu yake. Ananunua mega, anatafuta matangazo, anaandika ofa usiku batoto wakisha kulala. Jibu ni lile lile: «Dosie yako iko muzuri, ngoja tutakuita.»

Tuhesabu pamoja. Tuseme wamekupa dola 50 kwa siku, siku 12. Ni dola 600, inaonekana pesa mingi. Lakini kuandika ofa, kungoja sinyatire, kwenda kwenye ankete na kurudia ripoti mara tatu vimekula miezi miwili. 600 kwa siku 60 ni dola 10 kwa siku. Toa motari, toa mega, toa makato ya pesa ya simu. Kinachobaki ndicho minerval, kodi ya nyumba, unga na dawa. Na wengi wanalipwa ripoti ikisha kukubaliwa, wakati shule haingoje.

Miezi hiyo yote nani anabeba nyumba? Ni mama, na beseni lake la nyanya, ao anayevuka petite barrière kila asubuhi, ao mwenye kupokea zamu yake ya likelemba. Tuache kusema «baba ni konsultanti, mama hana kazi».

Sheria nayo tuijue. Konsultanti hana mwajiri wa kumlipia CNSS. Mama mwenye kontra ya kazi akizaa, Code du travail ya 2002 inampa wiki 14 za kupumzika na theluthi mbili za mshahara. Mama konsultanti hapewi kitu. Kwa hiyo tuangalie kama kweli ni konsultansi. Ukiwa na mkubwa anayekupa saa za kuingia, anayekuamuru kila siku na kukulipa, hiyo ni kazi ya mshahara hata karatasi ikiitwa «prestation». Na mwenye kuajiriwa siku kwa siku, akisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho.

Ikiwa ni konsultansi ya kweli, mambo matatu tuyaombe kabla ya kusini: sehemu ya pesa mwanzoni, safari ilipwe mbali na siku za kazi, na tarehe ya malipo iandikwe. Sheria ya OHADA inakubali pia mtu mdogo ajitangaze kama «entreprenant» bila malipo. Hapo una karatasi ya kuonyesha.

La mwisho ni sisi kwa sisi. Tangazo likifika kwako, mwonyeshe mwenzako, na muulizane bei kabla ya kuandika ofa. Mmoja akikubali dola 20 juu ya njaa ya leo, kesho wote tutapewa 20.