Barua ya Sayyid Said na mkono wa Mungu

Mei 1844, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliteremka Mombasa akiwa na barua ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, Mwislamu wa madhehebu ya Ibadhi. Barua iliwaagiza maliwali wa pwani wamfanyie wema mgeni huyo, kwani alikuwa mtu mwema aliyetaka kuwaita watu kwa Mungu. Kwa hifadhi hiyo Krapf alipokewa katika mji wa Kiislamu, huu wa mtaa wa Ndia Kuu na misikiti, na punde akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia ni Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi. Julai mkewe Rosina na mtoto wao mchanga walifariki, wakazikwa ng'ambo, upande wa Nyali. Krapf hakuondoka. Mwaka 1846, pamoja na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann, alianzisha kituo cha misheni cha Rabai.

Mkristo akiisoma habari hii huuona mkono wa Mungu, nami nauona. Ila tuangalie mtawala huyo aliyetumiwa alikuwa nani. Sayyid Said alihitaji urafiki wa Waingereza, ambao balozi wao alikwisha kufika Zanzibar tangu 1841, na Krapf alitumwa na chama cha misheni cha Uingereza. Mashamba yake ya karafuu huko Unguja yalilimwa na watumwa. Na hapa Mombasa, mwaka 1837, wakuu wa Wamazrui, ukoo uliotawala mji kabla yake, walikamatwa kwa hila wakapelekwa uhamishoni Bandar Abbas. Aliyefanya hayo na aliyeandika barua ile ni mtawala mmoja.

Maandiko hayalioni jambo hili kuwa geni. Katika Isaya 45, Koreshi wa Uajemi anaitwa mpakwa mafuta wa Bwana, na papo hapo inasemwa kwamba hakumjua Bwana. Ndiye aliyewaruhusu Wayahudi kurudi Yerusalemu kutoka Babeli. Waislamu nao wanamkumbuka Najashi, mfalme Mkristo wa Habasha, aliyewapa hifadhi masahaba waliokimbia mateso ya Makka yapata mwaka 615. Maquraishi, kabila lililotawala Makka, walipotuma wajumbe na zawadi ili wakimbizi warudishwe, alikataa. Kwa hiyo jirani wawili wa Mji wa Kale, mmoja wa kanisani na mmoja wa msikitini, wote wana deni la wema kwa mfalme wa dini nyingine.

Penye hatari zaidi ni Isaya 10, sura isiyopendwa na wapiga debe wa siasa. Mfalme wa Ashuru anaitwa fimbo ya ghadhabu ya Mungu. Kisha fimbo hiyohiyo inahukumiwa kwa kiburi na ukatili wake. Kutumiwa hakukumtakasa. Hapa ndipo wengi wetu huteleza. Tukishakubali kwamba Mungu ameleta heri kupitia kiongozi fulani, twaanza kuona kumkosoa ni kumpinga Mungu, na viongozi wanalijua hilo, ndiyo maana huja kuombewa hadharani msimu wa kura. Paulo aliwaambia Warumi kwamba mamlaka hutoka kwa Mungu, na katika sura hiyohiyo, ya 13, akasema mtawala ni mtumishi kwa ajili ya wema wa watu. Mtumishi huulizwa hesabu ya kazi yake.

Basi swali la kumuuliza mgombea si anasali wapi. Ni je, mtu asiye wa dini yake atalala salama chini yake? Oktoba 1963, Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu Mkristo wa Kenya, aliandikiana na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, akiahidi kwamba mahakama za kadhi zitaendelea pwani, iliyokuwa bado ya Sultani wa Zanzibar, ikiingia Kenya. Ahadi hiyo ilitiwa katika katiba, na ile ya 2010 imeilinda katika ibara ya 170, ingawa makanisa mengi yaliipinga. Pwani hiyohiyo ilimlalamikia Kenyatta, kwa haki, juu ya ardhi. Kushukuru kwa ajili ya makadhi hakukuwafunga watu midomo juu ya mashamba, wala hakukupasa kuwafunga.