Leza moja, rangi nyingi: pete mbili ndogo zinazogusa bei ya intaneti

Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Kwa mfanyabiashara anayetumia simu kuulizia bei na kulipia mzigo ng'ambo ya mpaka, siku kama hiyo ni ya hasara.

Ndani ya mkongo, ujumbe husafiri kama mwanga kwenye nyuzi za kioo. Kila rangi ya mwanga ni kama lori lenye shehena yake. Rangi zikiongezeka, barabara ileile hubeba zaidi. Tatizo ni kwamba kwa kawaida kila rangi huhitaji leza yake, na kila leza ni gharama na umeme.

Dawa inatafutwa kwenye chipu. Mwanga wa leza moja huingizwa katika pete ndogo kuliko punje ya mchele, ukazunguka humo mara nyingi na kujilimbikiza. Ukiwa hafifu, hutoka kama ulivyoingia. Ukivuka kiwango fulani, rangi moja huzaa nyingi, zilizopangana kama meno ya chanuo. Jambo hilo lilionyeshwa Ujerumani mwaka 2007.

Mwaka 2022, watafiti wa Denmark na Sweden walitumia leza moja na chipu moja kupata rangi 223. Walipitisha megabiti bilioni 1.84 kwa sekunde katika kebo ya kilomita 7.9 yenye njia 37 ndani yake.

Hata hivyo, pete moja hupoteza mwanga mwingi kabla haujageuka rangi mpya. Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chalmers, Sweden, walieleza dawa yake: pete mbili zilizokaribiana hadi mwanga ukavuka kutoka moja kwenda nyingine. Pete ya pili huirekebisha ya kwanza ili ipokee mwanga wa leza vizuri. Zaidi ya nusu ya mwanga ukageuka rangi zinazotakiwa.

Hakuna chipu itakayozuia mkongo kukatika, na majaribio haya bado ni ya maabara. Faida yake ni kupunguza leza na umeme mitamboni. Uganda, Rwanda na Burundi, ambazo hazina bahari, huifikia mikongo hiyo kupitia majirani wa pwani. Nafuu hiyo itamfikia mfanyabiashara wa huko pale tu kampuni za simu zitakapoishusha hadi kwenye bei ya bando.