Land Rover Kuukuu: Breki Kwanza, Nguvu Baadaye

Gari aina ya Land Rover lilionyeshwa ulimwenguni kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Baadaye likawa mwenzi wa askari na polisi wa Afrika Mashariki, kwenye doria za mipakani na katika vituo visivyofikiwa na barabara ya lami. Aina yake iitwayo Series III ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na hivyo hata lile changa kuliko yote limekwisha timiza miaka 40. Hata hivyo mengi yangali yakitembea, na askari wengi hujinunulia moja lililokwisha tumika. Yafaa basi tueleze namna ya kulitunza na kuliongezea uwezo.

Wengi wakisha pata gari la namna hiyo hukimbilia kwanza injini. Huko ni kuezeka paa kabla ya kujenga msingi, na hatari yake huwapata wote waliomo garini.

Msingi wa gari hili ni fremu. Bodi ilifanywa ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa adimu nchini Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Alumini haishiki kutu kama chuma; kwa hiyo bodi yaweza kupendeza machoni huku fremu ya chuma ikiliwa ndani kwa ndani. Lala chini ya gari na nyundo ndogo, uigonge fremu yote, hasa boriti ya nyuma na mikono inayobeba bodi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti bubu. Palipooza pakatwe, pachomelewe chuma kipya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pili ni breki. Series III hutumia breki za ngoma katika magurudumu yote manne. Ngoma zikilowa maji mtoni, breki hupoteza nguvu. Dereva akishavuka hana budi kwenda polepole akikanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikauke. Mafuta ya breki nayo huvuta unyevu, hivyo yabadilishwe kila baada ya muda, na mipira yote iliyopasuka itupwe. Mwenye fedha za kuboresha jambo moja tu, azitumie hapa, kwa kufunga kifaa cha kuongeza nguvu za breki au breki za diski.

Tatu ni ekseli na springi. Gari hili halina difu ya katikati, ya kugawa mwendo baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwa sababu hiyo, ukitumia gia ya magurudumu manne juu ya lami kavu, vyuma hujikaza vyenyewe kwa vyenyewe, na shafti za ekseli ya nyuma zaweza kukatika. Gia hiyo ni ya tope, mchanga na mawe. Bapa za springi zisafishwe kutu na zipakwe grisi, maana zikishikamana gari huruka kama kipande cha gogo.

Tusisahau parafujo ndogo iliyo chini ya nyumba ya klachi. Kabla ya kuingia maji mengi hufungwa ili maji yasipenye. Ukifika nchi kavu ifungue, kwani mafuta yanayovuja yasipopata njia ya kutokea hulowesha klachi.

Atakaye kufunga simu ya upepo achunguze betri kwanza. Katika magari mengi ya kabla ya mwaka 1967, upande chanya wa betri ndio uliounganishwa na bodi. Chombo cha kisasa kikifungwa humo bila kujali jambo hilo huungua mara moja.

Sasa ndipo tufikie injini. Ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ina nguvu za farasi zipatazo 70 tu. Mafundi wengi huiondoa, wakaweka ya dizeli iitwayo 200Tdi, iliyotolewa mwaka 1989, yenye nguvu zipatazo 110. Badiliko hilo ni jema, lakini giaboksi na shafti za zamani hazikuundwa kwa nguvu hizo, wala breki za zamani kwa mwendo huo. Anayeongeza nguvu bila kuimarisha hivyo vingine huwa amejiongezea njia ya kufika mahali pa ajali mapema.

Askari hukagua bunduki yake kabla ya kwenda zamu, ingawa hatarajii kuifyatua. Gari nalo lastahili heshima iyo hiyo. Kila asubuhi tazama maji ya rejeta, mafuta ya injini, mafuta ya breki, tairi na kokwa za magurudumu. Kazi hiyo ni ya dakika 10, na wenzako walioketi nyuma wamekukabidhi roho zao.