Mvua inaponyesha, wanyonge wa mbio za magari hupata nafasi

KUTOKA Lodwar kuelekea Lowarengak, kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, msafiri hukutana na mito ya msimu ambayo huitwa laga. Kwa miezi mingi laga huwa mchanga mkavu. Lakini mvua inaponyesha milimani, maji hushuka kwa ghafla hata pale ambapo hakuna tone lililoanguka.

Hapo mwenye gari jipya na mwenye lori kuukuu huwa sawa: wote husimama kando wakingoja. Maji yanapopungua, dereva wa kutegemewa si yule mwenye injini kubwa, bali ni yule anayejua mahali ambapo mchanga ni mgumu.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyotawala Safari Rally kwa miaka mingi. Mashindano hayo yalianza mwaka wa 1953, na baadaye yakawa yakifanyika wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua ya masika huanza kunyesha. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanzania, safari ya takriban kilomita 5,000.

Katika mwaka wa 1963, magari zaidi ya 80 yaliondoka Nairobi lakini ni saba tu yaliyomaliza. Mwaka wa 1968 mvua ilikuwa kubwa zaidi. Magari zaidi ya 90 yalianza, na kwa mara nyingine ni saba tu yaliyofika mwisho. Mshindi katika miaka yote miwili alikuwa Nick Nowicki, mkazi wa Kenya, akiwa na mwelekezi wake Paddy Cliff katika Peugeot 404, gari ambalo watu wengi walilijua kama gari la kawaida la barabarani.

Je, mvua hufanya nini hasa hata ikageuza matokeo namna hiyo?

Kwanza, hupunguza mshiko wa matairi. Katika barabara kavu, dereva mwenye injini yenye nguvu huwaacha wenzake kwenye sehemu zilizonyooka. Barabara ikilowa, nguvu hiyo huzungusha magurudumu bure, na gari huteleza badala ya kusonga mbele. Hivyo faida iliyonunuliwa kwa fedha nyingi kiwandani hupungua, na mkono mwepesi kwenye usukani huwa na thamani zaidi.

Pili, tope huvunja magari. Udongo mweusi wa Afrika Mashariki hunata kwenye magurudumu, na mashimo yaliyojaa maji huficha mawe. Gari gumu, lililoinuka kutoka ardhini na rahisi kutengenezwa, humaliza safari ambayo gari la kasi hushindwa kuimaliza.

Tatu, mvua huongeza thamani ya ujuzi wa mwenyeji. Dereva aliyekulia katika nchi hizi alijua kivuko kipi hufurika haraka, na ni wapi ingefaa kungoja kuliko kujitosa. Mwenda pole hajikwai. Hadi mwaka wa 1972, alipotokea Hannu Mikkola wa Finland akiendesha Ford Escort, hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyekuwa ameshinda Safari.

Mfano mwingine ni Joginder Singh wa Kenya. Mwaka wa 1965 alishinda kwa Volvo kuukuu iliyokuwa imetumiwa na wengine kabla yake. Mwaka wa 1974, katika mashindano mengine yaliyojaa mvua na tope, aliendesha Mitsubishi Lancer ya injini ndogo ya sentimita za ujazo 1,600. Bjorn Waldegard wa Sweden, aliyekuwa na Porsche 911, alipatwa na matatizo na akamaliza wa pili. Joginder alishinda tena mwaka wa 1976.

Jambo hili halipo Afrika Mashariki pekee. Katika mbio za Formula One za Monaco mwaka wa 1996, Olivier Panis wa timu ya Ligier alianza katika nafasi ya 14. Barabara ilikuwa imelowa, wakubwa wakaanguka mmoja baada ya mwingine, na ni magari matatu tu yaliyovuka mstari wa mwisho. Panis akashinda. Mwaka wa 2008, kijana Sebastian Vettel aliipa timu ndogo ya Toro Rosso ushindi wake wa kwanza, kule Monza, Italia, mvua ikinyesha. Katika mbio za namna hiyo, uamuzi wa wakati wa kubadilisha matairi unaweza kumpandisha au kumshusha mtu kwa dakika chache.

Hata hivyo, si sahihi kusema kwamba mvua humpa mnyonge ushindi. Wengi wa waliokwama mwaka wa 1968 walikuwa wenyeji pia. Peugeot 404 haikuwa gari la kubahatisha, kwani tayari ilikuwa imeshinda Safari mara kadhaa. Mvua huondoa kile ambacho fedha hununua, kisha humwachia ushindi aliyejiandaa kwa subira, gari imara na ujuzi wa njia.

Isitoshe, matajiri nao hujifunza. Timu za viwanda zilipoanza kuleta helikopta, kufanya majaribio ya muda mrefu na kutumia magari yanayovutwa na magurudumu yote manne, pengo lilirudi. Safari iliporejea katika Mashindano ya Dunia mwaka wa 2021, ilikuwa fupi mno na makao yake yakawa Naivasha. Mwaka wa 2022 na 2023, Toyota ilizoa nafasi zote nne za kwanza.

Mwaka wa 2024 mashindano hayo yalirejeshwa kwenye majira ya Pasaka. Kwa madereva wa Kenya wasio na fedha za viwanda, hiyo ilikuwa zaidi ya kumbukumbu ya zamani. Mbingu zikifunguka, swali huwa lile lile linaloulizwa kando ya laga: ni nani anayejua mahali pa kuvuka?