Kinundu Chekundu cha Mharage
Katika milima ya Upare, Myamba ikiwamo, maharage huwapatia protini watoto wasioonja nyama mara kwa mara. Ili kuijenga protini hiyo, mharage huhitaji nitrojeni, ambayo bakteria waishio katika vinundu vya mizizi yake huivuna hewani. Protini iitwayo NIN, iliyotambuliwa mwaka 1999, huwasha jeni za kuunda vinundu. Jamaa zake, NLP, huzuia kazi hiyo pale naitreti inapojaa udongoni. Hivyo urea ikizidi, vinundu hupungua, na mkulima hununua kile alichokuwa akipewa bure. Wakati wa maua, ang'oe mche mmoja, apasue kinundu: wekundu wa ndani, utokanao na protini inayofanana na himoglobini ya damu, ni dalili kwamba kingali kinafanya kazi.