Kabla ya Kununua Waya



Mji wa Machakos una Waislamu wa siku nyingi, na wengi miongoni mwao nasaba zao zarejea huku kwetu pwani. Akina mama wa madrasa moja ya huko walipotuarifu kuwa wamechanga fedha za chumba cha kompyuta, kwa kuuza mahamri na sambusa, tulifurahi mno. Walituomba ushauri, nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tuliwajibu kwa dua peke yake.

Tulipofika huko tulikuta wanaume wa kamati wamekwisha nunua. Palikuwa na swichi yenye matundu 8, ambayo ni chombo cha kuziunganisha kompyuta zipate kuwasiliana na kugawana intaneti, pamoja na kasha la waya wa mita 305. Kompyuta zilikuwa 12. Na katika yale matundu 8, moja sharti liende kwenye ruta inayoleta intaneti, hivyo yabaki 7. Hesabu hii hata mtoto wa juzuu amma aiweza, lakini hakuna aliyeifanya.

Hilo lilikuwa jepesi. Zito ni kwamba darasa la akina mama liko ng'ambo ya msikiti, juu kwenye mteremko. Waya ukifuata kuta hadi huko wapita mita 130, na waya huu wa shaba haukutengenezwa kuvuka mita 100 baina ya chombo na chombo. Ukizidi hapo, mawasiliano hudhoofika na kukatika. Basi waliosimama kwenye mafuta ya moto hadi fedha zikapatikana ndio ambao mtandao usingewafikia.

Kijana mmoja fundi alitueleza dawa yake. Baina ya majengo mawili hupitishwa faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba mwanga. Hiyo huenda mbali zaidi, na kwa kuwa kioo hakipitishi umeme, radi ikipiga upande mmoja haivuki nayo hadi kwenye vyombo vya upande wa pili. Kisha darasa la akina mama lipate swichi yake, na zote mbili ziwe na nafasi ya kupokea faiba. Haya yote yahitaji kujulikana kabla ya kwenda dukani, kwa sababu swichi nyingi za bei nafuu hazina nafasi hiyo.

Akatuuliza maswali ambayo tulipaswa kuyauliza sisi. Wanafunzi watakuwa wangapi baada ya miaka mitano? Watasoma maandishi tu, au watatazama darsa za video zote kwa pamoja? Stima ikikatika, swichi na ruta zitategemea nini? Waya utapita wapi usilale sambamba na nyaya za stima ukutani? Na je, ni shaba tupu, au ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo ni rahisi kwa bei lakini hukatika upesi? Akagusia pia kamera za ulinzi, maana zipo swichi zinazozipa kamera umeme kupitia waya uleule wa mtandao. Hapo tulisema wazi kuwa kamera haiwekwi upande wa akina mama bila wao wenyewe kuulizwa.

Tulipochunguza chanzo tuliona kuwa vikao vyote vilifanywa baada ya Isha, saa ambazo akina mama wako majumbani na watoto. Wanaume walipanga wakiwa na mema moyoni, lakini shura iliyowaacha nje wenye mali ina kasoro, na fedha za mchango ni amana.

Muuzaji alikubali kuipokea swichi ile kwa kukata sehemu ya bei. Kasha la waya lilibaki, kwani shaba yake ni safi na litatumika ndani ya kila jengo. Kikao cha pili kilifanywa baada ya Adhuhuri, na mama mmoja, fundi wa cherehani, alikuja na futi yake mkobani.