Shilingi ya Simba: Usiisugue, Usitume "Ada"

Je, bibi yako kule Keroka au Nyamira ana shilingi za simba kwenye mkebe? Kabla ya kuziuza, tuangalie mwaka. Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 zina madini ya fedha, sehemu 250 kwa 1,000. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tu.

Ule weusi mara nyingi si uchafu: fedha imeshikana na salfa ya hewani. Ukisugua kwa jivu au dawa ya meno, unakwangua sarafu yenyewe na bei inashuka. Ishike ukingoni, iweke kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu. Manyoya ya simba yakionekana wazi, hali yake ni nzuri.

Halafu kuna yule anayepiga simu akiahidi maelfu, mradi utume "ada ya ukaguzi" kwanza. Usitume! Na PIN ni siri yako. Mnunuzi wa kweli mkutane mchana, penye watu. Akisema ameshatuma, usiamini meseji tu. Angalia salio lako mwenyewe. Pesa ikiingia, ndio umpe sarafu.